Vichungwa vya Mlangoni

Jovitha alikuwa mtu wa kujiamini, na hakuona haya kulisema hilo. Ungemuuliza pale Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara Waafrika kusini mwa Uchina, ni nani anayeijua Guangzhou, angekutazama kana kwamba umemuuliza nani anamjua mama yake mzazi. Binti wa Bukoba, mwaka wa mwisho chuoni, anasomea usanifu wa bustani kwa ufadhili, na Kichina anakimwaga tu. Wafanyabiashara walimcheka: mtu mzima kuvuka bahari kwenda kusomea maua! Naye aliwajibu, "Chekeni tu. Nyie mnabeba vya kuchakaa, mimi nabeba vya kuota."

Januari ile ya 2006 mwaka mpya wa Wachina ulikuwa unabisha hodi. Viwanda vimefungwa, mizigo imekwama, na watu wanashinda hotelini wakilaani baridi. Jovitha akaona hapo pana nafasi. Huko Panyu, mwendo wa saa moja na ushei kwa basi, kulikuwa na bustani ya kale iliyojengwa na tajiri mmoja zamani za wafalme. Alikwenda kwa meneja wa bustani hiyo, Bwana Liang, akaomba kazi ya kuwatembeza wageni. Bwana Liang alicheka kwanza. Kisha akamsikia akieleza kwa nini kila jiwe liliwekwa pale lilipo, akaacha kucheka.

"Lete kundi moja," alisema. "Likitoka bila fujo, kazi ni yako. Likiniharibia kitu, usikanyage hapa tena."

Kazi ile Jovitha aliitaka kufa na kupona. Bustani za vitabuni alikuwa amezichoka; alitaka moja ya kuifungulia madirisha asubuhi kwa mkono wake.

Basi Jumamosi akafika na watu sita, wakiongozwa na Jeanne, mama wa Lubumbashi anayenunua viatu kwa jumla, mwenye sauti ya kuita soko zima, siku hiyo amevaa makoti mawili. Langoni palisimama vyungu viwili vikubwa vya miti ya vichungwa vidogo, vya ukubwa wa gololi, vimeiva na kujaa mpaka majani hayaonekani. Jovitha aliwaacha hapo kidogo, akaenda kukata tiketi.

Ndani, mambo yalimnyookea. Aliwaonyesha bwawa la pembe nane, na vioo vya rangi ambavyo ukichungulia kupitia kimoja unaiona bustani ya kiangazi, kingine ya theluji isiyoanguka huku kusini. Mpaka Wachina waliokuja na familia zao wakaanza kumfuata nyuma, wanasikiliza. Jovitha akavimba kichwa, na mimi simlaumu.

Mara wakasikia kelele langoni. Bwana Liang alikuwa anamfokea Mama Fen, mfagizi.

"Miaka ishirini na miwili uko hapa! Hujui mti huu ni bahati ya nyumba? Mwaka mpya wiki ijayo, wewe unachuma! Mimi mtu wa namna hii simtaki!"

Upande wa mbele wa mti mmoja, vijitawi vitatu vilikuwa vitupu. Mama Fen alishika ufagio wake kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anaapa hajagusa kitu.

Jovitha akageuka polepole, akamtazama Jeanne. Jeanne alikuwa anajilamba midomo.

"Bon, ni tatu tu," alinong'ona. "Kitu banaweka ku mulango, ni ya bageni, non?"

Loo! Jovitha hakuweza hata kumkasirikia. Yeye mwenyewe, majira yake ya kwanza ya baridi, alichuma kimoja mlangoni kwa mama mwenye nyumba, kwa sababu kwao Bukoba ukifika kwa mtu unaletewa buni za kutafuna kabla hujaulizwa shida yako. Mwenye nyumba alimnunia wiki nzima. Kwa hiyo alijua. Alijua vizuri, na kwa kiburi chake cha kukimbilia mawe na vioo akasahau kuwaonya watu wake.

Na tunda lile huliwa pamoja na ganda lake. Hakuna ushahidi. Angenyamaza tu, kazi ingekuwa yake, na Mama Fen angekwenda zake.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo ilionekana ndefu na ya lami. Jovitha aliitazama kidogo. Halafu akapita katikati ya watu.

"Bwana Liang, mwache mama wa watu. Ni wageni wangu, na kosa ni langu. Sikuwaambia."

"Nilikwambiaje?"

"Nisikanyage hapa tena. Sawa. Ila bado nusu ya bustani, na watu wamelipa kiingilio. Nitamaliza, ndipo niondoke."

Akawageuza watu wake, akaendelea. Kwenye daraja lenye paa roho ilimuuma kweli kweli, lakini hakuruka hata jiwe moja.

Waliporudi langoni, Mama Fen ndiye aliyekuwa anafoka, na Bwana Liang anasikiliza.

"Watakuja wengine! Nani atawaambia? Wewe? Unajua lugha yao?"

Bwana Liang alikohoa. "Kesho, saa mbili asubuhi," alimwambia Jovitha bila kumtazama. "Kazi ya kwanza, tangazo la huo mti."

Akaliandika kwa Kichina na Kifaransa, na juu kabisa kwa Kiswahili: KARIBU. USILE, NI BAHATI YA NYUMBA. Kila asubuhi Mama Fen alimtaka amsomee mstari ule wa juu, mpaka ukamkaa kichwani. Akauliza na maana ya kila neno, maana hakuwa mtu wa kukariri asichokielewa.

Mwezi wa saba Jovitha alimaliza chuo, akaja kuaga kabla ya kurudi kwao. Mama Fen alitoka stoo na chupa. Sikukuu zikishapita, vichungwa vile hutiwa chumvi na kuwekwa chupani, dawa ya kikohozi. Alifungua kifuniko, akachukua vitatu, akavitia kwenye kiganja cha Jovitha na kumfumba vidole.

"Karibu," alisema Mama Fen, kwa Kiswahili. "Ule."