Kabla Hatujavuka Mto

Kati ya marafiki zangu wote wa ujanani, aliyenichekesha kuliko wote alikuwa mchonga mawe wa kijiji cha Tabaka. Alichonga vifaru na mabakuli kutokana na yale mawe laini ya kwao, vumbi jeupe likamganda mpaka kwenye kope, na mdomo wake haukuwa na breki. Mimi nami sikuwa nyuma. Tulitahiriwa mwaka mmoja, ingawa si kijiji kimoja wala ukoo mmoja, na kwetu Wakisii watu wa rika moja wana ruhusa ya kuambiana lolote. Tuliambiana lolote. Mke wangu akisikia tu sauti yake njiani, aliwatuma watoto mtoni kuteka maji hata kama mtungi umejaa.

Mapema katika miaka ya sabini, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, sisi wawili na mwalimu mmoja aliyefundisha Mosocho tulikuwa na mazoea ya kuteremka nyikani kuwinda swala. Mwalimu alitoka upande wa ziwani. Kikisii chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo safari nzima tulizungumza Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Jumamosi, siku ya Sabato, tulikuwa kanisani, basi jioni yake tulienda kulala kwa kaka yangu mkubwa, karibu na Kenyenya, ili Jumapili alfajiri tuwe njiani. Kaka huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa baba yetu nami nikawa wa mwisho. Alinizidi umri kiasi kwamba binti yake mkubwa nilimzidi miaka mitatu tu.

Kutoka pale unatembea kati ya migomba na chai mpaka mlima unaisha ghafla, unavuka mto, na mbele yako ni nyasi tupu mpaka macho yanachoka. Nilipapenda mno mahali pale. Nyumbani mashamba yamebanana hivi kwamba ukikohoa jirani anakuuliza kama umekunywa dawa.

Jumapili ninayoikumbuka, mchongaji hakulala nasi kwa kaka. Alitoa sababu isiyo na kichwa wala miguu, kisha tukamkuta alfajiri amesimama kando ya njia na upinde wake, amenawa uso na kuchana nywele. Nywele za kwenda kuwinda! Siku chache kabla, neno lilikuwa limemponyoka mwalimu kwamba rafiki yetu amepata msichana. Ni nani, hakusema. Nikajumlisha mwenyewe.

"Kumbe ulilala kwa msichana," nikamwambia tulipoanza kuteremka. Kisha nikatoa mzaha. Siuandiki wote. Ulihusu kitanda cha kamba, na fundi ambaye angehitajika kukikaza kila wiki kama msichana mwenyewe alikuwa na nguvu nilizomdhania.

Mwalimu akakohoa. Mchongaji, ambaye kwa kawaida angenirudishia mizaha mitatu kwa huo mmoja, aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu.

"Umemeza ulimi?" nikamwuliza.

"Tutembee tu," akasema. "Jua inatoka."

Nikanuna. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachoniudhi kama mzaha mzuri kuangushwa chini bila mtu wa kuuokota.

Tulifika nyikani umande haujakauka. Kundi la swala pala lilikuwa mbali, madume yamesimama kando yakitutazama, na kwa kuwa upepo ulitupiga mgongoni tukajua hao hatuwapati. Tukazunguka kwa kuinama, magoti yakilia, mbwa wangu wawili wakifuata nyuma ndimi nje. Kwenye bonde dogo lenye nyasi ndefu mbwa wakamkurupusha tohe, swala dume wa mabondeni, akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. Mshale wa mchongaji ukampata nyuma ya bega. Alikimbia mwendo mfupi tu, kisha miguu ya mbele ikalegea. Nilimkimbilia nikamchinja haraka ili damu itoke yote, maana sisi Wasabato damu hatuli. Nakumbuka jicho lake lilivyokuwa jeusi.

Kwa kawaida kugawana nyama ndiko kulikuwa uwanja wa matusi yetu makubwa. Siku hiyo mchongaji alikata paja zuri kuliko yote, akalifunga kwa majani, akaniletea kwa mikono miwili.

"Ni nini hii, unanilipa mahari?" nikamwuliza.

Akashtuka, nusura paja limponyoke. Mwalimu akaenda kuwatazama mbwa, ambao hawakuwa na lolote la kutazamwa.

Saa tisa hivi tulirudi mtoni. Hapo ndipo tulipozoea kuvua kila kitu na kuoga, tukirushiana maji kama watoto. Nikavua. Mwalimu akavua. Mchongaji akachukua shati lake akaenda kuoga peke yake nyuma ya vichaka, chini kabisa, mahali nisipoweza kumwona.

Basi nikawaka. Nilivaa suruali ikiwa imegeuzwa ndani nje, nikamfuata. "Nimekukosea nini? Asubuhi hutaki kucheka, mchana unanipa nyama kama mgeni, sasa unanikimbia. Kama una ugonjwa sema, kama una kisirani na mimi sema."

Alikuwa ameketi juu ya jiwe, amevaa, nywele hazikuloa hata tone. Akaniambia yule msichana ni nani. Alikuwa binti wa kaka yangu. Yule yule niliyemzidi miaka mitatu.

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kile kitanda cha kamba. Nilijishika uso. Kwa mila zetu mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, ananiita baba, na mimi nilikuwa nimesimama njiani alfajiri nikitoa uchafu ule juu ya binti yangu mwenyewe, mbele ya mtu anayetaka kumwoa. Laiti ardhi ingepasuka.

"Sijatuma mtu kwa ndugu yako," akasema. "Nilitaka kukuuliza wewe kwanza. Nikimwoa, wewe unakuwa baba mkwe. Ukikataa, naacha."

Mwalimu alikuwa ametufikia. "Lakini si mtabaki marafiki?" akauliza. "Kwetu mtu anamwogopa mama mkwe. Huyu si mama mkwe."

Nikamweleza, kwa Kiswahili chetu kibovu, kwamba kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni, haya wanayooneana watu wa vizazi viwili. Baba mkwe ni baba mkwe hata kama jana mliiba miwa pamoja. Mkwe wako hakuoni uchi. Hasemi neno la kitandani ukiwapo, wala wewe hulisemi akiwapo. Kwa maneno mengine, hakutakuwa na mto, hakutakuwa na mzaha.

Niseme ukweli: nilitaka kukataa. "Wasichana wa Kisii wote wameisha?" nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa mbaya. Nilikuwa na ndugu wengi, wakwe wengi, wazee wa kanisa wengi wa kuniheshimu. Mtu wa kunichekesha mpaka nishike mbavu nilikuwa naye mmoja. Nilimpenda, na ni hapo kwenye jiwe nilipojua kiasi gani.

"Umempendea nini?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Nikianza kusema kitu, yeye anaanza kucheka kabla sijamaliza."

Hata mimi ndivyo nilivyokuwa naye. Nikamfikiria binti yule, alivyokuwa akiamka usiku wa manane kutupikia uji wa safari bila kuombwa, na jinsi kaka yangu, mtu mkavu, alivyoiendesha nyumba ile bila kicheko. Angecheka wapi, asipocheka kwa huyu?

"Sikiliza," nikasema. "Ukoo wetu uko ng'ambo. Upande huu wa mto mimi bado si baba wa mtu. Vua nguo."

Alinitazama kuona kama nina akili timamu. Kisha akavua, akaruka majini kwa kishindo, na yote aliyokuwa ameyabana tangu alfajiri yakamtoka. Alinirudishia kile kitanda cha kamba, akanitajia mke wangu, miguu yangu, suruali yangu iliyogeuka, mpaka mwalimu akakaa chini kwenye changarawe akilia machozi. Nami nilimjibu kwa yote niliyokuwa nayo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Tulikaa mle mpaka vidole vikakunjamana na meno yakaanza kugongana, na jua likafika kwenye ukingo wa mlima.

Tukavaa tukitazamana bila aibu kwa mara ya mwisho. Tukabeba nyama, tukavuka.

Upande wa pili njia ni nyembamba, ya mtu mmoja. Mchongaji, ambaye siku zote alitangulia ili kuchagua hadithi, alisimama kando kwenye nyasi, akainamisha macho, na kuniambia kwa Kikisii, "Tangulia, tata." Baba.

Nikatangulia. Tulipopanda kidogo nikasikia mwalimu nyuma yangu akinong'ona jambo, na kicheko cha rafiki yangu kikapasuka kama kawaida yake. Niligeuka, tayari kucheka. Aliponiona akanyamaza papo hapo, akatazama chini.

Nikageukia mbele, nikaongeza mwendo, niwe mbali kidogo, apate kucheka.