Yai la Tatu la Baba Mkwe

Nakumbuka alasiri moja ya msimu wa karafuu, mwanangu, nilipoharibu mayai mawili kati ya matatu tuliyokuwa nayo nyumbani, na baba mkwe wangu amelala chumbani siku ya tatu hajatia kitu cha maana mdomoni. Nilikuwa mke mpya pale kijijini Ole, sijatimiza miezi miwili, na hina ya harusi imebaki kwenye kucha tu. Leo mimi Bi Raya ni kizee, meno niliyobaki nayo hayana haja ya kuhesabiwa, lakini alasiri ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yenyewe.

Usinicheke kwanza. Najua unajiuliza yai la kuchemsha nalo lina nini, si unatia maji, unatia moto, basi. Nami nilidhani hivyohivyo. Kwetu nililelewa na mayai ya kukaanga, na la kuchemsha nililijua lile gumu la kutia kwenye biriani, ambalo hata ukilisahau mpaka kesho halina la kulalamika. Yai la kiini laini sikuwa nalijua.

Baba mkwe wangu, Mzee Shaame, alikuwa ametoka kuugua homa kali. Homa ilishamwacha, na daktari wa mjini Chake alisema dawa zimemaliza kazi yake, iliyobaki ni ale. Lakini mzee hakutaka kula. Uji aliuonja akaugeuzia uso, mchuzi wa samaki akasema unanuka. Kitu kimoja tu alichosema angekijaribu ni yai, tena liwe na kiini laini kizito, lenye chumvi na pilipili manga kidogo, alile kwa kijiko kutoka gandani. Mume wangu Faki alikuwa juu ya mikarafuu tangu asubuhi. Na mama mkwe, Bi Mkasi, siku hiyo alikuwa ameitwa kisiwani Fundo, mdogo wake kajifungua, naye asingerudi ila kesho yake.

Kabla hajaondoka alinishika mkono akaniingiza jikoni. Kuku wake wote walikuwa wameatamia, hakuna aliyetaga, na kwenye kikapu yalikuwamo mayai matatu tu.

"Raya, mwanangu, n'kwambie," alisema. "Maji yatokote kwanza. Yai ulishushe kwa kijiko, ukilitupa litapasuka. Kisha ukae papo hapo, uvute tasbihi mizunguko miwili. Ukimaliza, ulitose kwenye maji ya mtungi, lisiendelee kuiva kwa moto wake. Haya mayai ya kuku wetu ni madogo, mizunguko miwili yanatosha."

Akaitungua tasbihi yake kwenye msumari wa ukutani, akanitia mkononi. Punje tisini na tisa, zimesuguka kwa vidole vyake mpaka zinang'aa. Nikamwambia nimeelewa, mama. Naye akaenda zake kwa moyo mweupe.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yangu niliihisi siku zote. Kila mtu mtaani alikuwa akinitazama ninavyofagia, ninavyoteka maji, ninavyokuna nazi. Lakini siku hiyo kilichonisumbua zaidi si macho ya watu, ni masikio yangu. Ng'ambo ya ua, kwa Bi Chumu, wanawake walikuwa wamekaa jamvini wanachambua karafuu, wanatenga punje na makonyo, vile vikonyo vyake, na wanacheka. Mwanangu, hujui kicheko cha wanawake wanaochambua karafuu kinavyovuta. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimejifungia peke yangu na mgonjwa, na kila wakicheka nahisi wananisema au wananikosesha jambo tamu.

Basi maji yakatokota, nikashusha yai la kwanza, nikaanza kuvuta tasbihi. Niseme ukweli: sikuivuta, niliikimbiza. Subhanallah subhanallah subhanallah, ulimi haukugusa hata kaakaa, vidole vinaruka punje mbili mbili. Mizunguko miwili nikaimaliza kabla hata moshi wa kuni haujanitoa machozi. Nikalitosa yai majini, nikalikata kichwa, nikalipeleka kwa mzee juu ya kisahani, nikasimama mlangoni nyuma ya pazia.

Alichovya kijiko. Ute ukapanda nao mbichi, unaning'inia, unarudi gandani. Mzee akautazama, akakiweka kijiko chini taratibu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Lirudishe, mwanangu."

Angenigombeza ningepata nafuu. Nilitoka nimeinamisha kichwa, nikalimwaga yai lile kwa haya, nikaapa la pili halitanitia aibu. Na kwa kuwa la kwanza lilikuwa bichi, akili yangu ya ujana ikaniambia kuwa dawa ni kuliacha sana. Nikalishusha, nikaitundika tasbihi msumarini, nikasema acha lichemke vizuri, nami nichungulie kidogo tu kwa Bi Chumu.

Hilo "kidogo tu", mwanangu, jihadhari nalo. Nilisimama uani, wakanikaribisha, nikakaa. Nikachambua fungu moja, nikachambua la pili. Bi Chumu alikuwa anahadithia mbuzi wake aliyeingia kwa jirani akala mkeka wa shughuli, na hadithi ile ilikuwa haina mwisho. Nilipokumbuka yai, nilikimbia mpaka kanga ikabaki kwenye ua. Maji yamekaribia kukauka, yai linagonga sufuria kokoko, kokoko.

Nilijidanganya kuwa halijaharibika. Nikalimenya, nikalikata vipande, nikampelekea. Kiini kilikuwa kikavu, kimezungukwa na mstari wa kijivu, kinavunjika unga. Mzee kwa kutotaka kunivunja moyo akatia kipande mdomoni. Kikamkwama. Akaanza kukohoa, kifua chake chembamba kinapanda na kushuka, macho yamemtoka, nami nimeduwaa na kisahani mkononi. Ndipo nikakimbilia mtungi, nikamnywesha kwa kata, huku nikisema moyoni, ewe Mola, nisimuue mzee wa watu kwa yai.

Kikashuka. Akapumua. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia. Sikulia kwa ajili ya kugombezwa. Nililia kwa sababu nilikuwa nampenda mzee yule, maana tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu na hakuwahi kuniita mke wa Faki, na nilikuwa nimemchezea njaa yake kwa ajili ya hadithi ya mbuzi.

"Yamebaki mangapi?" akauliza.

"Moja, baba."

"Basi hatujafilisika." Akajifuta mdomo. "Raya, dirisha langu linatazama jikoni. Tasbihi yako ya kwanza niliisikia. Nikajiuliza, huyu anamtaja Mola au anafukuza kuku?"

Nilikuwa nalia, lakini kicheko kikanitoka puani.

"Sikiliza," akaendelea. "Mama yako hakukupa tasbihi iwe saa. Kakupa ili moyo wako uwe na kazi wakati maji yanafanya yao. Umewahi kuteka maji kisimani? Ukiivuta ndoo kwa pupa inafika juu tupu. Na tasbihi ndivyo, ivute ifike na maji yake. Na la pili hukuvuta kabisa, ulikwenda zako. Weye unadhani makosa yako ni mawili, lakini ni lile lile moja. Mara zote mbili hukuwapo."

Nikajifuta machozi kwa kiganja, nikainuka.

"Nenda kalishushe," akasema. "Ukae karibu na dirisha, ulete uradi kwa sauti. Nami nitaleta nawe huku. Anayemtangulia mwenzake ndiye aliyekosa."

Nikaitungua tasbihi, nikachochea kuni. Maji yakatokota. Nikalishusha yai la tatu kwa kijiko kama ninayemlaza mtoto, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mgongo ukutani chini ya dirisha. Nikaanza. Subhanallah, na punje moja. Ndani nikasikia sauti yake, nyembamba, inakwaruza, imechelewa nyuma yangu. Nikapunguza mwendo. Nikamngoja. Subhanallah, tukakutana. Kwa Bi Chumu walicheka tena, tena kicheko kikubwa, na ninakuapia sikujua walichekea nini wala sikutaka kujua. Nilikuwa nasikiliza pumzi ya mzee tu, nikiogopa itakatika.

Haikukatika. Katikati ya mzunguko wa kwanza sauti yake ilishapata miguu. Mzunguko wa pili yeye ndiye aliyekuwa ananiongoza, na mimi ndiye ninayefuata. Siku tatu mzee yule alikuwa akisema neno moja moja, nasi tukidhani nguvu zimemwishia. Punje ya mwisho tuliifikia pamoja.

"Litoe," akasema dirishani.

Nikalitosa kwenye maji ya mtungi, nikahesabu pumzi chache, nikalikata kichwa. Ute ulikuwa umeshika, mweupe, laini. Na ndani kiini cha rangi ya machungwa, kizito, hakimwagiki wala hakisimami, kama samli iliyoanza kuganda asubuhi. Nikanyunyiza chumvi na pilipili manga, nikampelekea, na safari hii sikujificha nyuma ya pazia.

Alikula kijiko baada ya kijiko. Alipofika chini alikwangua gandani mpaka nikasikia kijiko kinalia. Kisha akanitazama.

"Muhogo hamna?"

Mwanangu, nimeolewa, nimezaa, nimewaozesha wanangu wote, lakini sikumbuki neno lililonifurahisha kama lile. Nilimletea muhogo wa kuchemsha, akaula wote, akaomba na chai.

Kesho yake Bi Mkasi akarudi. Aliangalia kikapu, akaangalia maganda, akaniangalia mimi. Nikafungua mdomo nikiri, mzee akaniwahi kutoka kibarazani, maana alikuwa ameshatoka kuota jua.

"Mkasi, usimuulize mtoto. La kwanza nililisamehe, la pili lilinikaba, la tatu nimelila."

Bi Mkasi alicheka mpaka akashika mlango. Akaninong'oneza, "Hata miye, la kwanza nililompikia alilirusha ukutani kuona kama litadunda." Akaitungua tasbihi ile msumarini, akanipa, akaniambia yeye atanunua nyingine. Iko nami hadi leo, uzi nimeubadilisha mara nne.

Sasa nawaona nyinyi wa leo. Mjukuu wangu mmoja, aliyeolewa juzi tu, anapima yai kwa simu. Simu inahesabu dakika sita sawasawa, wala simlaumu, dakika sita ni sawa na mizunguko yangu miwili. Lakini simu ile ile inayomhesabia ndiyo inayomletea picha za harusi ya mtu wa Wete, naye anazitazama, anajibu, anacheka, simu inalia anainyamazisha, na yai linaiva mpaka linachoka. Jamvi la Bi Chumu lilikuwa ng'ambo ya ua. Lenu mnatembea nalo mkononi.

Nikikwambia haraka haraka haina baraka, utaniambia, bibi, hilo nililisoma darasa la pili. Haya, nitakwambia jingine: mwenye pupa hadiriki kula tamu. Na juu yake niongeze langu mwenyewe, lililonigharimu mayai mawili. Kitu laini hakimtaki anayekimbia wala anayeondoka. Kinamtaka mtu aliyekaa. Ndivyo lilivyo yai, ndivyo alivyo mgonjwa, ndivyo alivyo mume aliyerudi amechoka na mtoto anayejifunza kusema. Utakapopewa mtu wa kumhudumia, usimpe mikono tu huku moyo uko kwa jirani, maana hata akinyamaza, anasikia. Dirisha lake daima linatazama jikoni. Na ukikosea mara mbili, usikimbie kwa aibu. Uliza yamebaki mangapi, ukae, uanze upya.

Haya, inuka sasa. Mimi leo tumbo halitaki wali. Kikapuni kuna yai la kuku wetu, na tasbihi iko msumarini. Simu iache hapa mkekani, nitakuchungia. Mola akujaalie mikono isiyo na pupa na moyo unaokaa pale ulipo. Akupe nyumba yenye kicheko, na siku utakapokuwa huna meno, akupe mtu wa kukuvutia mizunguko miwili kamili. Amin. Nenda, na uilete kwa sauti. Miye nakufuata huku dirishani.