Mlio Uliotoka Sikioni Mwangu

Mume wangu si mtu wa kujitolea. Kanisani wakiomba watu wa kubeba viti, yeye huangalia viatu vyake mpaka wengine wajitokeze. Kwa hivyo Jumapili ile tangazo liliposomwa, kwamba kuna watafiti hapa Nakuru wanaotafuta watu wenye mlio masikioni, mlio ambao wengine hawausikii, nilishtuka kumwona ameinua mkono kama mtoto wa darasani.

Nilijua masikio yake ni mabovu. Alipasua mbao Elburgon miaka ishirini na saba, enzi ambazo mtu aliziba masikio kwa pamba au hakuziba kabisa. Tulipohamia mtaa wa Free Area hapa mjini baada ya yeye kustaafu, nilishazoea kurudia kila neno mara mbili. Lakini habari ya mlio sikuwa nayo. Nilipomuuliza tukirudi nyumbani alisema ni sauti nyembamba, kama nyaya za stima zinavyolia kukiwa na upepo, na kwamba haijawahi kukatika tangu mwaka tuliooana. Alisema hivyo huku akifungua geti, kisha akaenda kubadilisha nguo.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza. Utafiti ulifanyiwa katika chumba cha nyuma cha hospitali moja mjini, na ndani ya chumba hicho mlikuwa na kibanda cha chuma chenye kidirisha cha kioo na mlango mzito kama wa friji ya buchari. Msichana aliyetupokea, wa umri wa kitinda mimba wetu, alitueleza polepole kwamba hapa hakuna dawa wala matibabu, wanataka tu kujua mlio huo unabadilika vipi, na mtu akichoka anaweza kuacha bila kuulizwa. Halafu akanigeukia. Walihitaji pia watu wasio na mlio wowote, wa kulinganisha nao. Nilikuwa nimekuja kukaa tu kwenye benchi, lakini nikaweka sahihi.

Alianza mume wangu. Alifungiwa kibandani na visikizi vikubwa kichwani, na msichana akawa anazungusha kitufe, sauti ikipanda na kushuka, mpaka ifanane na ile yake. Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa amefumba macho. Baada ya muda mrefu akainua kidole, na msichana akaandika nambari.

Zamu yangu ilipofika na mlango ukafungwa, nilisikia nguo zangu zikisuguana, nilisikia mate yakishuka kooni, na baada ya hapo sikusikia kitu. Kimya kile kilikuwa kizito kama blanketi lililoloa. Nilijibu vipimo vyote. Mwishoni msichana aliniingizia sikioni kipaza sauti kidogo chenye ncha ya mpira. Alisema sikio la mtu wakati mwingine hutoa sauti yake lenyewe, hafifu sana, hata mwenyewe asiisikie, na mashine huinasa.

La kulia halikuwa na kitu. Alipohamia la kushoto nilimwona, kupitia kioo, ameacha kuandika. Akaingia akabadilisha ile ncha ya mpira, akatoka, akarudi tena na daktari aliyekuwa mkubwa wake.

"Mathe, wewe husikii kitu?" daktari akaniuliza.

Nikamwambia sisikii.

Walifungua mlango ili nione kompyuta. Daktari akaongeza sauti mara nyingi na kuipitisha kwenye spika. Ilikuwa nyembamba, imenyooka, haipumui. Hiyo ndiyo ilikuwa inatoka kichwani mwangu.

Mume wangu alikuwa kwenye benchi nje. Hakuna aliyemwita. Aliingia akasimama katikati ya chumba, akaiangalia spika, kisha akaniangalia mimi.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Zimeni."

Daktari alilinganisha nambari zetu mbili. Zilikaribiana sana. Alituketisha akatueleza vizuri: masikio mengi hutoa sauti, na watu wawili kufanana si muujiza. Tena ile yangu ni hafifu kiasi kwamba haiwezi kuvuka mto wa kitanda, seuze kumfikia mtu asiyesikia hata simu yake ikilia. Yote niliyaelewa. Ila msichana alikuwa akijisugua mkono muda wote, kama mtu aliyepitiwa na upepo.

Nyumbani hatukulizungumza. Kwa siku kadhaa nilijikuta nikifunika sikio la kushoto kwa kiganja yeye akiombea chakula. Mara moja niliweka pamba. Aliiona, akaniambia kwa sauti ya chini niitoe.

Dada yangu wa Kabazi alikuwa anavuna maharagwe, nikasema naenda kumsaidia wiki mbili. Nilijiambia ni kwa sababu ya maharagwe. Mume wangu alibaki na fomu ya watafiti, ya kuandika kila asubuhi na jioni mlio ni mkubwa kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi.

Kule Kabazi nilimwomba dada yangu alaze sikio lake juu ya langu. Hakuniuliza sababu. Tuliinamiana hivyo uani kwa dakika nzima, hadi akajiondoa na kusema anasikia kuku tu.

Siku ya tano, mchana, tukipura, simu yangu ililia. Alikuwa yeye, mtu anayechukia simu.

"Imenyamaza," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Jana. Nilikuwa nanyoa ndevu, ikakatika kama stima."

"Si ni vizuri?"

Akasema, "Nyumba imekuwa kama imehamwa. Hata mimi mwenyewe ni kama siko ndani. Rudi."

Nilikuwa nimeshakata simu ndipo nikagundua kwamba sikurudia neno lolote. Yote aliyasikia mara ya kwanza.

Nilirudi kesho yake. Alikuwa amesimama getini, na nilipokaribia aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepima kina cha maji. Nilimuuliza kama imerudi. Akaitikia kwa kichwa. Imeanza saa gani? Saa tatu, akasema, na akanipokea mfuko. Saa tatu ndiyo niliyomuaga dada yangu.

Tulipopeleka fomu, msichana alizitazama zile sifuri kwa muda. Daktari alisema mawazo ya mtu huweza kupandisha mlio au kuushusha, na kwamba wataandika kama tulivyowaambia. Kisha akatuomba tukae kibandani sote wawili pamoja, mlango ukiwa umefungwa. Mume wangu alikataa. Alisema imetosha, na akajiondoa kwenye utafiti siku hiyo hiyo. Walimshukuru, wakampa mkono.

Mimi niliendelea peke yangu, maana nilikuwa nimeahidi kuhudhuria mara tatu zaidi. Mara ya mwisho msichana aliweka kipaza sauti katika sikio la kushoto, akangoja, akakitoa, akakifuta, akakirudisha. Hakupata kitu. Alijaribu na mashine nyingine. Akaniambia sauti hizo hupotea zenyewe umri ukisonga, nisiwe na wasiwasi, na hii haina maana kwamba naugua. Nilimuuliza kama ana hakika kabisa. Akanionyesha mstari kwenye kompyuta, ulikuwa umelala.

Nilitembea kutoka hospitalini hadi sokoni bila kujua ninachotafuta. Nilinunua nyanya nikaenda nyumbani.

Mume wangu alikuwa amekaa nje juani. Aliniuliza walisema nini. Nikamwambia iko vile vile.

"Najua," akasema. "Leo naisikia vizuri kabisa."