Joto la Kabati la Tatu

Wenzake kazini walimwita Mama Chupa, kwa kuwa miaka tisa hakuonekana bila chupa ya kioo mkononi. Alikuwa fundi wa maabara, kwenye chumba kisicho na dirisha, akilea bakteria wanaong'aa. Kila bakteria hutoa kemikali kidogo. Wakiwa wachache, kemikali hiyo hupotea bure. Wakisongamana hujaa, na hapo wote huwaka kwa pamoja, samawati. Profesa alitaka kujua kama mawasiliano hayo hubaki imara mazingira yakibadilika. Sampuli zilichukuliwa kila baada ya saa tatu kuanzia asubuhi hadi jioni, Jumapili ikiwamo, na aliyeweza kuzichukua bila kuzichafua alikuwa yeye peke yake.

Bintiye alilelewa na mdogo wa kike wa Mama Chupa, mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Mtoto aling'oka jino la kwanza, mama akasikia mwezi baadaye, tena kwa bahati. Kila alipoomba uhamisho, profesa alimjibu kwa upole uleule kwamba wamalize kwanza awamu hii. Awamu zikazaana.

Jumamosi moja akakuta kabati la tatu la kulelea bakteria limepanda joto nyuzi nne. Feni yake ilikuwa imekufa. Alitakiwa ampigie fundi umeme mara moja. Badala yake akavuta kiti, akaketi. Vijidudu vikiharibika, aliwaza, kazi imekufa, nami nimefunguliwa. Akanyamaza siku mbili. Hata hivyo mazoea yalimshinda nguvu: kila saa ya sampuli ilipofika, aliandika daftarini joto lenyewe na mwanga aliouona.

Jumatatu profesa alilisoma daftari mara mbili. Bakteria waliwaka kwa msongamano uleule wa siku zote, kana kwamba joto halikuguswa.

"Niliiona feni tangu Jumamosi," Mama Chupa alisema. "Nilinyamaza makusudi. Nilitaka waharibike, nirudi kwa mwanangu."

Profesa alifungua ukurasa mpya wa daftari.

"Hawakuharibika," alisema. "Sasa lazima tujue wanavumilia mpaka wapi. Nyuzi sita, nyuzi nane, kisha chumvi. Miaka mitatu hivi."

Hakumfukuza. Angemfukuza amweke nani? Alimpa likizo ya siku nne, mbili zikiwa za njiani.

Mama Chupa alifika kwa mdogo wake jioni, miguu imevimba kwa kukaa. Binti alitoka ndani akijipangusa mikono, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Mdogo wake alifungua kinywa asahihishe. Mama Chupa akamzuia kwa jicho.

"Marahaba," aliitikia, akaingia ndani, akaomba maji ya kunywa.