Dhahabu ya Jina la Getruda

Josephat Kashindye wa Kisesa alikuwa na ugomvi wa maisha na pumzi za watu. Kazi yake kupaka dhahabu: misalaba ya makaburi, vinara vya altareni, fremu za picha za watakatifu. Karatasi ya dhahabu ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Uishushe juu ya gundi, mtu apige chafya mlangoni, imekwenda zake. Basi alifunga madirisha, joto lote akabaki nalo, na aliyeingia akiongea alifukuzwa hata kama ni padri.

Alikuwa pia na mwiko wake: jina la mtu aliye hai halipakwi.

Sasa mkewe Getruda, ambaye hospitali ilimrudisha nyumbani akafie kwake, akataka auone msalaba wa kaburi lake. Mwanamke mbishi huyo!

"Umewapamba wafu wa Magu nzima," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyekwambia asante. Mimi nataka nione, nikusifu mdomo ningali nao."

Josephat alikataa, akakataa, mwishowe akachoka. Afanyeje? Mapafu hakuweza kumpa, usingizi hakuweza kumpa. Jina aliweza. Akauleta msalaba chumbani, akazipaka herufi moja moja, mpaka ikabaki ya mwisho. Hapo mkono ukagoma.

"Baba Dorcas, hiyo moja umemwachia nani?"

"Nitaimalizia kesho."

"Kesho ya nani? Malizia, nione."

Akapaka gundi, akangoja ianze kunata, akainua karatasi kwa brashi. Getruda akakohoa, karatasi ikaruka, ikajikunja. Akainua nyingine, ikawa yale yale. Gundi inakauka, jasho linamwingia machoni, na zile hasira zake za kazini, Mungu amsamehe, zikampanda.

"Aa, Mama Dorcas! Hebu geukia ukutani huko, unaniharibia!"

Getruda akacheka kidogo. "Pole, fundi." Akageukia ukutani.

Safari hii karatasi ilishuka vizuri, ikalala. Josephat akaisugua taratibu kwa pamba mpaka ikang'aa.

"Haya, geuka utazame."

Getruda hakugeuka.

"Mama Dorcas, si ulitaka kuona wewe?"

Akamgeuza mwenyewe. Macho yalikuwa nusu wazi. Akamshika mkono kutafuta mapigo, lakini vidole vyake vilitetemeka hata hakujua mapigo yale ni ya nani. Masikini, akafanya kile alichokijua: akachukua karatasi ya dhahabu, akaegemeza brashi kwenye mto ili isitikiswe na mkono wake, akaiweka mbele ya pua ya mkewe.

Miaka yote alikuwa akiiomba itulie.

"Hema," akamwambia, machozi yanamtiririka. "Nimekukosea, mke wangu, hema. Irushe hii. Ziharibu zote."

Kisha akabana pumzi yake mwenyewe, kama alivyozoea, akaitazama. Karatasi haikutikisika.