Kichwa cha Yakoni

Nyumba yetu ya Butimba imekaa kwenye mteremko wa mawe, na bustani yangu ni ule udongo uliobaki katikati ya mawe hayo. Hapo ndipo nilipopanda yakoni. Mbegu yake niliachiwa na jirani yangu, mama wa Kihaya, siku alipokuwa akifunga mizigo kurudi Bukoba.

Wengi hawaujui mmea huu, kwa hiyo ngoja nieleze taratibu. Yakoni hukua hadi kumpita mtu kimo, ina majani mapana yenye vinyweleo na maua madogo ya njano. Chini ya ardhi ina mizizi ya aina mbili. Ile mikubwa ya kahawia inafanana na kiazi kitamu. Unaimenya na kuila mbichi, ina majimaji na utamu wa pole. Juu yake, pale shina linapoanzia, kuna kichwa chenye vinundu vyekundu vyenye macho. Hicho hakiliwi. Ndicho mbegu. Ile mikubwa ukiipanda inaoza tu.

Niliitaka kwa ajili ya mama mkwe wangu. Alikuja kwetu kutoka Nansio, kisiwani, baada ya kliniki kumwambia apunguze sukari, na kilichomsumbua zaidi si chai isiyo na sukari, bali michembe. Maisha yake yote alitafuna vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akiwa anachambua dagaa au anapiga soga. Sasa mikono ilikuwa mitupu, na mdomo umenuna. Sikumwambia yakoni ni dawa, maana mimi si mganga. Nilitaka tu apate kitu cha kutafuna.

Kichwa cha mmea wangu wa kwanza nilikigawa chote vipande, nikajaza kitanda kizima cha bustani chini ya mgomba. Majani yalipoanza kukauka, nikajua wakati wa kuvuna umefika.

Asubuhi moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama mkwe amekaa juu ya jiwe kubwa la uani, kisu mkononi, amezungukwa na vipande vyeupe alivyovianika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone, kazi yako nimeimaliza!"

Alikuwa amevuna kitanda chote. Nikaangaza macho kutafuta vichwa, sikuviona.

"Na vile vichwa, mama? Vile vyekundu vya juu?"

"Yale mavisiki? Nimewapa mbuzi. Wamefurahi kuliko wewe unavyofurahi." Kisha akanionyesha kwa kisu. "Na marando nimeshakupandia."

Tuta jipya lilikuwa limenyooka vizuri sana. Mama alikuwa amekata mashina ya yakoni, akayalaza kwenye udongo kama marando ya viazi vitamu. Alifanya kama alivyofundishwa na mama yake: mizizi ni ya kula, mashina ni ya kupanda, kinachobaki ni cha mbuzi.

Nilikimbilia bandani. Nikapata kichwa kimoja tu, kimetafunwa nusu na kukanyagwa. Nikampigia simu jirani wa Bukoba. Yakoni yake, akasema kwa masikitiko, ililiwa yote na fuko. Basi kile kipande kilikuwa ndiyo yakoni yetu yote.

Nikakiosha, nikakata palipochubuka, nikapaka majivu kwenye kidonda na kukiacha kivulini kikauke. Ukikipanda kibichi, kinaoza. Nikatoboa beseni kuukuu, nikachanganya udongo na mchanga, nikakifukia, nikaliweka beseni chini ya mgomba, kwa sababu jua la mchana hapa huchoma mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye mawe.

Mama alinitazama nikifanya hayo yote. Alipoelewa kwamba naona marando yake hayataota, alikasirika kwa namna yake.

"Marando yangu yataota. Utaona."

"Tutaona, mama."

Akawa anamwagilia tuta lake asubuhi na jioni. Mimi beseni langu nililinyunyizia kidogo tu, kila udongo ulipokauka. Mume wangu alitupita na kucheka. "Hapa kuna mashindano," alisema, "na waamuzi ni kuku."

Michembe ya yakoni ilikauka ikawa ya rangi ya asali, laini, ya kuvutika. Mama alipeleka vipande kliniki aulize. Muuguzi hakuwahi kuviona. Akamwambia ale kidogo na aendelee kupima. Akaviweka kwenye kopo, akawa anatoa kimoja kimoja. Mwanawe, mume wangu, aliponyoosha mkono, alimpiga kofi kwenye vidole.

"Wewe kula viazi. Nani kakukataza?"

Lakini kopo lilikuwa likipungua, na sote tuliliona. Mashina ya tuta yalinyauka moja baada ya jingine. Mama hakuyang'oa. Mimi nami sikuchimbua beseni kuchungulia, ingawa mkono uliniwasha. Jicho lililo udongoni ukiligusa, unalivunja.

Kopo lilipobaki na vipande vya kushika kwa kiganja, nikasikia kelele za mama uani.

"Njoo! Njoo na miwani yangu!"

Ndani ya beseni kulikuwa na kichipukizi cha rangi ya zambarau, kidogo kama sikio la panya. Mama alipiga magoti pale kwa muda. Kisha akaenda kwenye tuta, akayang'oa mashina yake makavu yote mwenyewe, akaja kuyachomeka kulizunguka beseni, karibu karibu, kuku wasipite.

"Si nilikwambia yatafaa?" alisema.

Msimu uliofuata tulivuna pamoja. Yeye ndiye aliyekigawa kichwa vipande, akiwafukuza mbuzi kwa ukali kana kwamba ni wao waliokosea. Nusu nikarudisha udongoni. Nusu akaiviringisha kwenye majani ya mgomba, akaipanga ndani ya kapu.

Siku mama aliporudi kwake, tukingoja meli ya Nansio bandarini, mpagazi alichukua begi la mama na kunyoosha mkono kwenye kapu.

"Hili acha," mama alimwambia. "Hili napakata mwenyewe."