Sukari ya Mgeni wa Chuo

Shule niliiacha darasa la tatu na sikuililia. Kuziba matairi pale Nakivubo kulinipa nyumba Kisugu, mke, na watoto wanaokula wakashiba. Lakini binti yangu mkubwa alipomaliza kidato cha sita, usingizi ulinihama. Kichwa alikuwa nacho, ada sikuwa nayo. Na Kampala ya wanajeshi haikuwa mahali pa kumwacha msichana msomi akae tu nyumbani. Nilitaka atoke.

Mwalimu wake, mama mmoja mkali, akaniambia kuna vyuo vya aina nyingine. "Wanaangalia ulicho nacho, mzee. Unatoa hicho, pengo lote wanajaza wao."

"Hakuna mjinga wa hivyo."

"Basi kaa na matairi yako!"

Akaandika huku na huku. Wengi walijaza nusu tu, na nusu nyingine ningeitoa wapi? Chuo kimoja cha Kenya kikasema kitalipa yote, ila kitatuma mtu aione nyumba kwanza.

Hapo tukaharibu. Kwetu mgeni hakuti nyumba tupu. Mke wangu akaazima viti vya kitambaa kwa jirani, mke wa afande mmoja. Jirani akatupatia na sukari, bakuli zima, wakati ambao sukari waliiona wakubwa na watu wa magendo tu. Mimi nikavaa koti.

Mgeni akafika na gari, akawa anauliza njia kwa Kiswahili. Mtu mgeni, gari, Kiswahili, lugha ya wanajeshi, siku zile! Mtaa mzima ukafunga madirisha. Hata mimi niliyekuwa namngoja nilichungulia kwanza kabla ya kufungua mlango.

Akakaa. "Mzee, kazi inakwendaje?"

"Vizuri sana," nikasema. Ulitaka nijibu nini, mbele ya mke wangu?

Akatazama viti. Akatazama bakuli. "Sukari hii mnaipata wapi?"

Nikimtaja jirani, nimemuuza mume wake. Nikinyamaza, mimi ni mafutamingi, yaani mmoja wa wale walionenepa kwa maduka waliyogawiwa baada ya Wahindi kufukuzwa. Binti yangu alisimama mlangoni na trei, amenikazia macho. Mgeni akaweka kikombe chini, akachukua kofia yake.

Nikasimama. "Viti si vyangu. Sukari si yangu, na usiniulize ni ya nani. Koti ni la marehemu kaka yangu. Njoo."

Nikamvuta mkono mpaka chumba tulimolala sote, godoro limelowa mvua ya jana, limeegemezwa ukutani likauke.

"Baba watoto, unatuvua nguo!" mke wangu akanong'ona.

"Nyamaza, mama." Nikamgeukia mgeni, nikamwambia neno ambalo sikuwahi kumwambia mwanaume mwenzangu: "Sina."

"Mbona hukusema mwanzo?"

"Wewe ungesema?"

Akacheka puani. Akarudi kwenye chai yake, na sukari akaichota bila huruma.

Baada ya hapo sikutulia. Gari likisimama kibandani kwangu nasimama nikidhani ni majibu ya chuo, mteja akichelewa kusema shida yake namfokea. Hata misumari niliichomoa kwa hasira. Mpaka mwalimu akaja mwenyewe Nakivubo, anaruka madimbwi, anapiga kelele: "Amepata! Chakula, vitabu, hata basi la kwenda!"

"Na mimi natoa nini?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Wamepima, mzee. Sehemu yako ni sifuri."

Madereva waliokuwa wakingoja matairi yao wakacheka. "Mzee Sifuri!"

Damu ikanipanda. Mtoto wangu hajawahi kulishwa na mtu mwingine. "Waambie nitatoa kitu. Chochote."

"Nikiwaambia hivyo, watauliza ulificha wapi, na nafasi atapewa mwingine. Niwaambie?"

Nilimtazama. Madereva wakasogea wanisikilize.

"Usiwaambie," nikasema, nikainamia tairi.